Mama Alipokupa Shikamoo

Nyumba ya kona, nyuma ya soko la nguo,
S.L.P. 318.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Pokea salamu nyingi za hapa nyumbani. Natumaini kikohozi kimekuachia nafasi ya kusoma. Je, umeshahama kile chumba chenye dirisha lisilofunga? Wifi yako anasema ukiendelea kulala na soksi mbili mbili utasahau miguu yako ina rangi gani. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha umri kila ninapoinama kutengeneza majokofu ya watu.

Barua yako niliisoma mara mbili. Nimefurahi kwamba tasnifu yako ya uzamili, hiyo ya haki za watumishi wa nyumbani, imempendeza profesa hata anataka uunganishe moja kwa moja na uzamivu wa sheria. Wifi yako alisema, "Basi sasa tutakuwa tunaomba miadi ndipo tuongee naye." Uliniuliza kama ni sawa usije likizo hii ili uanze utafiti mapema. Nilikuwa tayari kukujibu ndiyo.

Lakini kwanza nikueleze habari za Mama.

Unakumbuka tulipokupigia simu ya video mwezi wa kwanza? Mama alikaa wima, akavuta mtandio kichwani, akakuambia, "Shikamoo." Ukacheka, ukaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nami niliyeshika simu nikacheka mpaka picha ikatikisika. Tulidhani anakutania kwa usomi wako.

Simu ilipokatika aliniuliza, "Yule dada ni nani? Mchangamfu, lakini amekonda. Hana mama huko?"

Usiku ule niliandika katika shajara yangu kwamba Mama amechoka, basi.

Mwezi uliopita alianua mashati yangu kambani, akayakunja kama alivyokuwa akikunja enzi za kibanda chake cha mitumba, akanikaribisha. "Chagua, baba. Hili limevaliwa na mtu mmoja tu, tena mpole." Nilibembeleza bei, akanipunguzia, nikanunua shati langu mwenyewe. Wifi yako alicheka, kisha akaenda kulia jikoni.

Jumatano tulimpeleka hospitali. Daktari alimuuliza maswali mengi kwa upole, halafu akatueleza kwamba ni ugonjwa wa kusahau na haurudi nyuma. Dawa zitaupunguzia mwendo tu. Nilimuuliza kama mwakani Mama atatujua. Akasema hawezi kuniahidi.

Wewe hajakusahau, na hilo ndilo gumu kulieleza. Mchana husimama mlangoni kumngoja Kasuku arudi kutoka shule. Anamkumbuka yule mtoto wa darasa la pili mwenye magoti yaliyochubuka. Mwanamke mzima wa kwenye simu ndiye anayempotea. Lakini asubuhi, akishakunywa chai, zipo siku anakujua ulivyo sasa. Jana aliniuliza, "Mwanasheria wetu anakula vizuri?" Nilikimbia kukupigia, mtandao ukagoma. Mtandao uliposhika, alikuwa ameshaanza tena kunikaribisha kama mteja.

Sikuambii uache masomo. Nafasi hiyo umeitolea jasho, na Mama angekuwa na akili yake angenifokea kwa kukuandikia haya. Ninachokuomba ni uje likizo hii, kabla hujatia saini ya miaka mitatu mingine. Mweleze profesa ukweli, naye ana wazazi au aliwahi kuwa nao. Asubuhi za Mama zinapungua, mdogo wangu, na mimi siwezi kukuwekea hata moja.

Mjomba anakusalimu, na shangazi mkubwa pia, ambaye siku hizi analala hapa ili kunisaidia zamu. Watoto wanamsalimu shangazi yao mdogo, na kitindamimba anauliza kama theluji ina ladha.

Jambo moja zaidi. Ukija, usimwulize Mama kama anakujua. Tulikuwa tukimwuliza, tukaacha, maana alikuwa akiona haya, akituomba radhi kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Kaa karibu naye, umwambie wewe ni nani. Akikuuliza tena, mwambie tena.

Mungu akutunze huko na akufikishe kwetu salama.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye,
Fundi