Kwa Baba Clovis, na Meza Yake ya Risasi

Mwaka umetimia, Baba Clovis, Bonaventure wangu, tangu ulipotutoka. Madereva wenzako wakiniona napanda basi hapa mtaani kwetu Akalla bado wananipungia mkono, kana kwamba nimekuletea chakula kazini. Leo tunakukumbuka, mimi mkeo Madeleine pamoja na watoto, na kwa kuwa hukupenda maneno ya kupambwa, nitayasema mambo jinsi yalivyokuwa.

Ulikuwa mpole. Uliwasubiri bibi vizee wenye vikapu hata ratiba ilipokukimbiza. Shati lako ulilipiga pasi mwenyewe. Kanisani uliimba besi, ukifumba macho. Watoto walipokujibu kwa Kiswidi uliendelea na Kiswahili chako cha Bukavu bila kuwakemea, mpaka wakarudi wenyewe.

Na ulipenda kuwinda. Ulipofaulu mtihani wa uwindaji, alifaulu pia Olive, yule dada Mrundi wa mtaa wa jirani wa Husby anayetunza wazee, uliyekaa naye darasani. Tangu hapo mkawa kitu kimoja katika mambo ya bunduki. Mimi nikashikwa na wivu, na nilikwambia.

Hukukasirika. Ulisema, "Mama Clovis, kazi ya risasi nitaifanyia hapa hapa nyumbani, uone kwa macho yako." Ndipo chumba kidogo cha kando ya jiko kikawa chako.

Mlijaza risasi wenyewe. Mliokota maganda ya shaba kwenye uwanja wa shabaha, mkayasafisha, mkayarudishia umbo, mkatia fataki mpya ya kuwashia, baruti, na kichwa cha risasi. Kila hatua ina chombo chake, na kila chombo hutaka kufungwa imara mezani. Lakini meza ilikuwa fupi na chumba chembamba. Ukafunga bamba moja nene la chuma ukingoni mwa meza, likae hapo daima, na kila chombo ukakipa bamba lake dogo lenye matundu yanayolingana na lile kubwa. Chombo kikimaliza zamu yake, unalegeza bolti, unakitoa, unaweka kingine. Ulijivunia kazi hiyo. Wageni waliokuja kwa chai uliwapeleka kwanza wakaione.

Kila Jumamosi mchana Olive alikuja. Mlango mliuacha wazi, sikuwahi kuukuta umefungwa. Nami nikiwa jikoni niliwatazama, na sikuona mkono ukimgusa mtu. Niliona kitu kilichoniuma zaidi: hamkuhitaji maneno. Wewe ulilegeza bolti, yeye tayari ameshika chombo kinachofuata, akakituliza juu ya matundu mpaka ukakaza. Sisi wawili, kwa miaka yote ya ndoa, hatukuwahi hata kukunja shuka bila kubishana.

Nilikuomba unifundishe. Nilikaa kwenye kiti cha Olive, nikakifunga kipimio cha baruti kikitazama ukutani. Ulicheka mpaka machozi, nikacheka nami. Halafu nikakumbuka kwamba Olive hukuwahi kumcheka.

Mwaka jana mkono wako wa kulia ulianza kukataa kazi. Nilidhani ni uchovu wa usukani. Daktari alipotuambia kuna uvimbe kichwani, nilimpigia Olive simu, kwa adabu tu, asije akasikia kwa watu. Alilia. Kisha akasema, "Nilimwambia aende mapema. Tangu Pasaka bolti zilikuwa zinamshinda."

Tangu Pasaka. Nasi tulikuwa Agosti.

Nilirudi kando ya kitanda chako. "Kwa nini yeye alijua kwanza?"

"Sikumwambia. Aliona mwenyewe."

"Na mimi ningeona, kama usingenificha."

"Kwake nilikuwa mgonjwa wa Jumamosi tu. Kwako ningekuwa mgonjwa kila siku. Nilitaka niwe mumeo kidogo zaidi."

Lilikuwa jibu zuri, Bonaventure. Liliniuma vilevile.

Ulituaga Oktoba, juma ambalo wawindaji wenzako wote walikuwa msituni. Olive hakwenda. Siku ya mazishi alikaa kanisani safu ya nyuma, nami kila nilipogeuka nilimhesabia machozi.

Sheria ya huku inataka bunduki ziende kwa mwenye kibali, na Olive alikuwa nacho. Nilimpa bila neno. Lakini alipouliza kuhusu meza na vyombo, nilimwambia hivyo ni vya nyumba hii. Vikakaa na vumbi majira yote ya baridi. Natacha, bintiyo, akaniambia, "Mama, hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuvitumia." Nikamjibu kwamba najua, na ndiyo sababu sitaki vimfikie yule anayeweza.

Kiangazi hiki Olive alibisha hodi. "Mama Clovis, sikuja kuchukua kitu. Naomba nikae pale kidogo." Nilimpisha, kisha nikamfuata. Alilegeza bolti za mashine ya kubana maganda, akaitoa, akashika chombo kingine juu ya matundu, akabaki amekishika. Mkono wa kukaza haukuwapo. Nikachukua spana, nikakaza mimi.

Ndipo nilipomuuliza lile lililokuwa likinikereketa: "Mlikuwa mnaongea nini humu?"

"Baruti," alisema. "Na basi lake. Siku nyingine hatukuongea kabisa. Humu alikuwa mtu wa kimya."

"Kwangu alikuwa haishi maneno."

"Najua. Nikimaliza nilikuwa najichelewesha kuvaa viatu pale mlangoni, nikiwasikia mnavyopiga soga jikoni na kucheka. Kisha nashuka kupanda treni." Aliinama, akaifuta meza kwa kiganja. "Nilikuonea wivu, dada."

Kwa hiyo sikuwa nimekosea, Baba Clovis. Kulikuwa na kitu, ila kilikuwa upande wake, naye alikibeba vizuri, hakukiangusha mlangoni pangu. Nilimpikia chai. Nikampa vyombo vyote na mabamba yake madogo, Clovis akamsaidia kuvibeba hadi kituoni. Bamba kubwa nililibakiza. Atatengeneza lake.

Sijapona wivu. Yeye anao ukimya wako wa Jumamosi, ambao mimi sitaupata kamwe. Lakini maneno yako yote ninayo mimi.

Wanakukumbuka mkeo Madeleine. Wanao Clovis na Natacha. Dada yako Diane na mumewe Mwamba, walioko Bukavu. Wanakwaya na madereva wenzako. Olive aliomba jina lake lisitajwe, asije akaniudhi. Nimeliandika kwa mkono wangu: na Olive.

Maadamu tunapumua, hutasahaulika.