Nilimwambia Avunje Mlango Wetu

Garsen, Jumatano jioni.

Mvua imepumzika tangu adhuhuri lakini mbingu bado imefura. Nguo zangu zinanuka matope na maziwa ya mtoto asiye wangu. Nimekunywa chai, nikarudia.

Naandika sasa hivi, kabla sijaanza kujitetea.

Mnaonisoma hapa mnaijua nyumba yetu ya kijijini Wema, maana nimewachosha nayo. Kuta za udongo zilizoondoka na mafuriko yaliyopita. Msingi mpya tulioupandisha hadi kifuani mwa mtu mzima. Vigae vya sebuleni, grili za madirisha, mabati mekundu. Buya, mume wangu, ni fundi stima katika hoteli moja Mombasa, na kila alichokiona kule alikitamani kwetu. Alileta kamera ya sola akaifunga barazani. Alileta mlango wa chuma wenye kufuli lisilo na ufunguo: unaufungua kwa simu tu, popote ulipo, mradi mtandao upo. Kamera yenyewe ina spika ya kuzungumzia, na king'ora cha kufukuzia wezi. Majirani walikuwa wakija kuutazama mlango ule kama wanavyokuja kumtazama bibi harusi.

Nilijivunia. Sitajifanya sikujivunia.

Mto ulipoanza kupanda wiki iliyopita, nilifunga nyumba nikaja na watoto hapa Garsen, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya soko. Jilo, mdogo wake Buya, alikuja nasi. Tangu siku hiyo nimeitazama simu kuliko nyuso za wanangu. Asubuhi naangalia maji yamefika wapi. Mchana naangalia. Nikipika naangalia.

Leo, baada ya uji wa watoto, simu ikalia mlio ule ninaouogopa. Kuna mtu barazani.

Uani kwetu palikuwa maji matupu, ngazi zote zimezama. Juu ya baraza amesimama mwanamume mrefu, kikoi kimemgandama miguuni, fimbo ya kuchungia mkononi. Nyuma yake mwanamke ameketi akiegemea ukuta, amejifunika leso kichwa hadi magoti. Na mbuzi, wamebanana pembeni, wanatetemeka.

Jilo aliitazama picha juu ya bega langu. "Watu wa ng'ombe," akasema. Hakuhitaji kuongeza neno. Kiangazi kilichopita ng'ombe waliingia shambani kwetu wakala mahindi yote, na ilibakia kidogo tu watu wakatane. Chifu aliketi na pande mbili kuanzia asubuhi hadi jua kuzama. Tangu hapo tunasalimiana kwa mbali.

Yule mwanamume akazunguka upande wa jikoni. Aliporudi alikuwa na mtaimbo, ule mafundi waliousahau walipomaliza kazi. Akausogeza mlangoni.

"Shemeji, umeona mwenyewe!" Jilo alikuwa ameshashika simu yake, anaita vijana wenzake. Sekunde chache baadaye nikasikia pikipiki ikiondoka.

Nikabaki na kidole changu juu ya alama ya king'ora.

Hapo mtoto akalia. Si kilio hasa, ni sauti nyembamba kama ya paka aliyefungiwa sandukuni, na ilitoka ndani ya leso ya yule mwanamke. Kama mtoto yule angekuwa amelala, ningebonyeza. Huo ndio ukweli wangu wa leo na siupendi.

Nikabonyeza spika.

"Wewe! Weka hicho chuma chini!"

Aliruka. Akageuka huku na huku akitafuta mtu. "Nani iko hapo?"

"Mwenye nyumba. Nakuona. Weka chini."

Akauweka taratibu, akainua mikono yote miwili, na bado hakujua aitazamie wapi. "Mama, mimi si mwizi. Wenzetu walihama na ng'ombe mapema. Sisi tulichelewa, bibi yangu alikuwa anazaa. Mtoto ni wa juzi. Sasa iko na baridi, hata kunyonya hawezi. Na maji inakuja juu."

Ilikuwa kweli. Maji yalikuwa yanalamba ukingo wa baraza. Sakafu ya ndani iko juu zaidi, karibu kimo cha goti. Mama aliye ndani ya arubaini yake, ameloa, na kitoto cha juzi, na kati yao na sakafu kavu ni mlango wangu wa kifahari.

Nilimuuliza jina lake. Bonaya.

Nilikuwa natafuta pa kufungulia mlango simu ilipoita. Buya. Yeye pia hupata taarifa za kamera huko kazini.

"Usifungue," akasema kabla ya salamu.

"Buya, kuna mtoto mchanga."

"Hivyo ndivyo wanavyoingia. Wakishaingia hawatoki. Jilo yuko njiani na vijana, waachie wao."

"Vijana wana mapanga!"

"Basi wewe kaa mbali."

Nilikata simu. Sijawahi kumkatia Buya simu tangu anioe. Nikarudi penye mlango kwenye simu, nikabonyeza pa kufungulia, na simu ikaniandikia kwamba sina ruhusa. Nikarudia. Sina ruhusa. Nilidhani ni mtandao hadi nilipoelewa: vifaa vyote vimesajiliwa kwa jina la Buya, na Buya alikuwa ameniondoa. Akiwa Mombasa, kwa kidole kimoja, alikuwa amenifungia nje ya nyumba yangu pamoja na wale waliokuwa barazani. Alichosahau kuondoa ni kamera na spika yake.

Kisha king'ora kikaanza. Ni yeye aliyekiwasha. Niliona mbuzi wakirukia majini, niliona yule mama akijikunja juu ya mtoto wake kana kwamba anapigwa mawe.

Kilipokatika, nilisema, "Bonaya, chukua mtaimbo. Vunja mlango."

Hakusogea.

"Umenisikia? Vunja."

"Mama," akasema, safari hii akiitazama kamera sawasawa, "watu wako watakuja. Watasema nini?"

"Watasikia ni mimi niliyesema."

Picha ikaganda, ikawa nyeusi. Siku kadhaa hakuna jua la kutosha, betri ya kamera ilikuwa imefika mwisho.

Niliketi kitandani na giza lile mkononi. Halafu nikaelewa nimefanya nini. Nimemwambia mtu avunje mlango, na vijana wenye mapanga wanakwenda kumkuta amevunja mlango. Waliosikia nikimruhusu ni yeye na mkewe tu.

Nikampigia Jilo. Mteja hapatikani. Nikapiga tena na tena. Watoto nikamwachia mama mwenye nyumba tunayopanga, nikatoka nilivyo, kandambili miguuni, nikapanda pikipiki hadi pale barabara ilipokatwa na maji. Pikipiki iliteleza njia nzima na mwendeshaji aliacha kunijibu kwa sababu kila nilichomwambia kilikuwa haraka, haraka.

Mwenye boti ya injini alikuwa anapakia magodoro. Nilipomwambia Wema, akatikisa kichwa. "Kuna watu wamepita hapa sasa hivi na mapanga. Mimi sitaki kesi, mama."

"Ndiyo maana nataka uniwahishe."

Alinitazama, akashusha magodoro.

Njia ile ya maji sitaisahau. Ncha za migomba zilikuwa zinapita kandokando ya boti, na chini yake ni mashamba ya watu. Nilikuwa najaribu kuomba na maneno hayakuja. Nilichokuwa nawaza ni picha moja tu, vigae vyetu vyeupe, na sitaki kuandika nilikuwa naona nini juu yake.

Boti ya vijana ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya baraza. Mlango umepinda, unaning'inia kwa bawaba moja. Ndani ya uwazi ule amesimama Bonaya, mtaimbo ameushika kwa mikono miwili mbele ya kifua, hauinui, hauteremshi. Jilo yuko mbele yake na panga. Wengine wamejipanga nyuma ya Jilo.

Nikapiga kelele kutoka majini. "Jilo! Mimi ndiye niliyemwambia avunje!"

Jilo hakugeuka. "Rudi kwenye boti, shemeji."

"Ni mimi!"

"Na yeye amesema hivyo hivyo. Nani anamwambia mtu amvunjie mlango wake?"

Nikashuka. Maji yalinifika kiunoni, kisha goti nilipokanyaga ngazi. Watu watasema nilikuwa jasiri. Hapana. Miguu ilikuwa imeshaanza kwenda na mimi nikaifuata. Nilipita katikati yao, panga huku na chuma huku, nikasikia pumzi za wote wawili, na Bonaya akajibana ukutani kunipisha.

Mkewe, Halima, alikuwa kwenye kochi letu ambalo bado lina nailoni ya dukani. Aliponiona alimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi. Sikumlaumu. Nilimwambia mimi ni mama, ile sauti ya spika ilikuwa yangu. Nikamfungua mtoto zile nguo mbichi. Midomo ilikuwa na rangi ambayo haifai kuwa kwa mtoto. Nikamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, nikaita kwa sauti:

"Jilo! Njoo umwone mwizi wako."

Alikuja na panga lake hadi katikati ya sebule. Akatazama. Jilo ana binti aliyezaliwa mwaka jana, na alizaliwa kabla ya wakati. Sikumkumbusha. Aliliweka panga juu ya kabati la televisheni, akaenda dirishani, akang'oa pazia, fimbo yake na yote, akaniletea likiwa kavu.

"Boti yetu ina kasi kuliko hiyo uliyokuja nayo," akasema. Alikuwa anamwambia Bonaya, si mimi.

Tukawaleta hospitalini hapa Garsen. Njia nzima nilikuwa nyuma ya Halima, nimemkinga upepo kwa mgongo wangu, na maziwa yake yakanilowesha mikono kwa sababu mtoto alikuwa ananusa tu hashiki. Tulipofika wakampokea haraka. Jioni hii muuguzi amenipigia kusema mtoto amepata joto na amenyonya. Nililia hadi mwanangu mkubwa akaja kuniuliza nani amekufa.

Jilo amebaki Wema, analinda nyumba isiyofungika pamoja na mbuzi wa Bonaya waliobaki. Amenitumia ujumbe kwamba wanajisaidia kwenye vigae na hajui awafanye nini.

Buya amepiga baada ya magharibi. Alianza kwa kusema nimemfanya mjinga mbele ya vijana wa kwao. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza kwa nini aliniondolea ruhusa.

"Nilidhani unadanganywa," akasema. "Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza. Mimi ndiye niliyekuwa naongea nao."

"Huo mlango, unajua nilivyouhangaikia?"

"Najua. Na mchanga wa ule msingi niliusimamia mimi, lori kwa lori, wewe ukiwa Mombasa. Hata siku moja hukuniambia kwamba kuna siku nitaambiwa sina ruhusa ya kuingia."

Nilisikia vyombo vya jikoni mwa hoteli nyuma yake. Halafu akasema ameomba ruhusa kazini, kesho atapanda basi la asubuhi.

Simchukii. Aliona mwanamume mwenye chuma mlangoni kwake, na mimi pia nilianza kwa kuona hicho hicho. Lakini yeye aliwasha king'ora wakati mtoto analia, na sijui kama alimsikia. Kama hakumsikia tutaelewana. Kama alimsikia, hapo sijui.

Nimeamua jambo moja tu: sitamtangulia kwa maneno. Sitamweleza mlango ulivyopinda wala mtoto alivyokuwa. Nitasimama stendi basi likiingia, nimpokee mkoba, nisubiri anachouliza kwanza.