Ramani ya Nchi ya Joka Niliyoichora Stoo

Bweni la Wafanyakazi,
Chumba Na. 14,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada yangu,

Nakusalimu kwa mapenzi tele. Hujambo? Goti limepungua uvimbe, au bado unalipaka mafuta kila asubuhi huku ukilitukana? Shemeji hajambo? Mama anakula vizuri? Mimi mzima, ila mgongo unalalamika na viganja vimekuwa msasa mtupu. Kwa yote nashukuru.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama, maana tangu utoto ukinikaripia siwezi kukaa. Unasema shemeji ameaibika mbele ya rafiki yake aliyeniombea kazi. Unasema mtu mzima mwenye ndevu hasomi habari za majoka. Unaniamuru nisaini ile karatasi ya kuomba radhi, na kitabu nikichome moto. Dada, nimekusikia. Sisaini, na kitabu sichomi. Sasa kaa nikueleze, kwa sababu huyo aliyekupigia simu kunishtaki amekupa nusu ya habari.

Kitabu nilikikuta stoo yetu ya vifaa vya ujenzi, kwenye lundo la karatasi kuukuu tunazofungia koki za shaba zisikwaruzane. Jalada na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshachanwa, kwa hiyo mpaka leo sijui kinaitwaje wala kimeandikwa na nani. Nilikuwa nachana ukurasa mwingine, jicho likaangukia mahali panaposema joka limemeza vivuli vya watu wa mji mzima, na kwamba mtu asiye na kivuli akikaa hapumziki na akila hashibi. Mkono ukagoma. Unajua shule niliishia darasa la tano, na kitabu cha kukimaliza sijawahi kukipata. Hiki nimefika ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili, na kila mstari nimeupita kwa kidole changu.

Ngoja nikuonjeshe. Mashujaa wenye panga wote wameshindwa kulifikia joka. Anayekwenda ni mpagazi, mwanamke wa kubeba mizigo ya watu milimani, tena ana mdomo kama wako. Hajui kupigana. Anajua kufunga mzigo usicheze, anajua jiwe la kukanyaga na jiwe la kuruka, anajua wakati wa kutua. Huyo mwandishi, awe nani awaye, aliwahi kubeba. Ameandika kwamba kamba huanza kukata bega la mkono ule usioutumia kulia chakula. Dada, miaka kumi na moja ninabeba, sijawahi kumwambia mtu jambo hilo, na nimelikuta limeandikwa!

Mwanzoni nilisoma peke yangu saa ya chakula, midomo ikitembea. Mama wa Lebo, yule anayebandika lebo kwenye katoni, akaniuliza ninamwapiza nani. Nikamsomea ukurasa mmoja. Siku ya pili akaja na mzee anayeendesha mashine ya kuinulia mizigo, na kabla wiki haijaisha tukawa saba. Wananiita Mwalimu, kwa kejeli, maana nikikutana na neno refu nalivunja vipande kwanza. "Mwalimu, soma bwana, usitutafunie!" Mama wa Lebo hupiga kelele hivyo. Mzee naye hutaka kila kitu kirudiwe. "Sasa hapa wako wapi? Wameshavuka mto au bado?"

Hilo la mto ndilo lililoniponza. Wote walikuwa wanapotea njiani, na ramani kama ilikuwepo iliondoka na zile kurasa za mwanzo. Nikachukua ubavu wa katoni nikachora nchi yote. Ili wanielewe upesi, nikaipanga kwa stoo yetu. Mto nikauweka njia ya tatu, kati ya vigae na saruji. Msitu ukawa kwenye rafu za mabomba. Lango la Jitu, linaloziba njia ya kwenda kwa joka, nikalifanya geti la nyuma. Hazina ya Joka nikaiweka kwenye chumba cha koki za shaba, kile chenye kufuli mbili. Nikachora mishale kuonyesha mpagazi anavyopita, na penye geti nikaandika: HAPA JITU HULALA BAADA YA KULA.

Mlinzi wa geti hilo akaiokota. Nadhani umeshaona mambo yalivyokuwa.

Msimamizi aliniita ofisini, katoni iko mezani, mlinzi amesimama nyuma yangu.

"Hii ni nini?"

"Ni nchi, bosi."

"Nchi gani yenye chumba changu cha koki?"

"Ya kwenye kitabu. Hapo ndipo joka linapokaa."

"Na hili jitu linalolala baada ya kula ni nani?"

Dada, haki ya Mungu, mlinzi alikuwa anatazama viatu vyake, na mimi kicheko kilinibana mpaka machozi yakanitoka. Msimamizi akadhani ninalia kwa kujuta. Akalainika, akanisukumia karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, kilichobaki ni sahihi yangu tu.

Hiyo karatasi ndiyo unayotaka niisaini. Je, aliyekupigia alikusomea kilichomo? Inasema nilichora mchoro wa stoo kwa nia mbaya. Inasema pia nilikuwa nikiwapotezea wenzangu muda kwa upuuzi. La kwanza nikisaini, koki moja ikipotea hata mwaka ujao, wataanza kupekua kitanda changu. La pili ndilo lililoniuma zaidi. Watu saba wazima walikuwa wanakula kimya kila mmoja na kona yake, kama wagonjwa. Siku hizi wanabishana, wanacheka, na mzee, ambaye hajui a wala be, anakumbuka safari yote tangu mlango wa mji kuliko mimi msomaji. Hayo siyaiti upuuzi kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikachukua kalamu, nikafuta mistari yote miwili, nikaandika juu yake: Nilichora nchi ya kwenye kitabu, saa ya chakula. Nikasaini hapo. Msimamizi akasema karatasi ya ofisi haifutwi na kuli. Nikamrudishia kalamu yake.

Tangu siku hiyo nimetolewa ndani, ninashusha saruji uwanjani, juani. Karatasi mpya imeshapigwa, maneno yale yale, na kesho ndiyo mwisho wa kuisaini. Huenda wakanifukuza. Ninaogopa, sitakudanganya, ninajua nyumbani mnanitegemea. Wakinifukuza nitatafuta pengine pa kubeba, mizigo haijapata kuisha duniani. Mwambie shemeji namwomba radhi yeye kwa usumbufu, kwa moyo wote. Wao siwaombi. Na mtu akikuuliza huko kama mdogo wako ni mwizi, mtazame usoni umwambie hapana, mdogo wangu anasoma.

Msalimie sana Mama, mwambie nimekonda kidogo tu. Msalimie shemeji, shangazi na yule mwanao wa mwisho, umwambie joka lina meno mangapi nitamwambia nikishahesabu. Mungu akutunze, akulainishie goti na ulimi pia.

Zimebaki kurasa tisa. Wenzangu wamekataa nisome ndani ya bweni kwa kujificha. Kesho saa sita wanatoka wote kunifuata uwanjani, na mzee ameshachagua mahali pa kukaa: juu ya saruji, chini ya dirisha la ofisi. Nitasoma kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako mbishi, akupendaye hata ukimkaripia.