Sare Niliyoipiga Mnada

Dada yangu Wakesho,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje? Mvua imefika shambani, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi mwili ni mzima, ila roho inatetemeka mpaka leo, na unajua ndugu yako hatetemeki ovyo. Mimi ndiye nilitazamana na nyati pale Mweiga mpaka akaona haya akaondoka. Lakini jambo la juma lililopita limenishinda.

Hapa Nyeri kuna nyumba wanaiita hospisi. Wanaletwa wagonjwa ambao hospitali imesema hakuna dawa tena. Pale wanaogeshwa, wanatulizwa maumivu, wanaongeleshwa kama watu. Jumamosi ikafanywa harambee ya chai ya kuisaidia. Kwaya, mandazi, na mnada wa vitu vilivyoletwa na watu: kuku, kabichi, keki. Mnadi nani, kama si mimi? Nikinadi mitumba yangu sokoni, watu wa Murang'a, kule mbali, wanageuka kuuliza bei.

Niliuza, dada. Jogoo mmoja nilimuuza mara nne, maana desturi ya hapa ukishanunua unamrudisha auzwe tena, mradi nyumba ipate. Halafu nikaona kiondo, kile kikapu cha kusukwa cha huku, kando ya meza. Ndani kuna gauni jeupe limepigwa pasi, na kitambaa cha kichwa cha buluu, ile sare ya akina mama wa kanisa. Nguo ndiyo kazi yangu, sikuuliza mtu. Nikaikunjua juu, nikasema mwenye bibi mvivu wa kanisa anunue hii, itamfikisha kabla ya kengele. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Muuza viazi mmoja wa Endarasha akainunua, na yeye hakuirudisha. Alisema bibi yake anaingizwa chama cha akina mama kesho yake, na fundi hajamaliza sare yake. Akapanda lori lake akaenda.

Tunakusanya vikombe, muuguzi akatoka mbio akiuliza kiondo cha Cucu Nyambura. Cucu ndiyo nyanya, bibi kizee, kwa lugha ya huku. Ni mgonjwa wa pale, alikuwa ametolewa nje na kiti chake asikilize kwaya, akachoka, akarudishwa ndani, kiondo kikabaki. Nikajibu kwa furaha kwamba nimeshauza, tena bei nzuri. Yule muuguzi akakaa chini kwenye nyasi.

“Mzee,” akaniambia, “hiyo ndiyo nguo yake ya kuzikwa. Na daktari anasema hamalizi wiki.”

Nilikuwa nimeinua sanda ya mtu mbele ya umati, nikaifanyia mzaha.

Jumapili kabla ya jua nikadandia lori la maziwa mpaka njia panda, halafu nikakimbia maili saba, au tuseme tano. Kufika kanisani Endarasha, yule bibi wa muuza viazi, anaitwa Wangari, amesimama mbele kabisa, ameivaa, pasta amemwekea mkono kichwani. Nikabaki mlangoni, kofia mkononi. Kumvua mwanamke nguo kanisani siwezi, kumwacha nayo siwezi.

Walipotoka nikawaeleza. Mume akaanza ati kitu cha mnada ni cha mnunuzi. Wangari hakumngoja amalize. Akamvua mumewe koti lake kubwa, akaingia nyumba ya jirani, akatoka amelivaa, leso kiunoni, sare mkononi.

“Twende wote,” akasema. “Mimi ndiye nitamwambia niliivaa.”

Tulipofika hospisi tulimkuta Cucu macho. Wangari akapiga magoti akamweleza yote. Mimi nimejibanza nyuma ya mlango kama mwizi wa mbuzi. Cucu akainusa ile nguo. Ilikuwa na harufu ya jasho na moshi. Nikajua leo nalaaniwa. Cucu akauliza kanisani waliimba nini. Wangari akamwimbia, polepole, beti zote.

“Mwaka mzima sijafika kanisani,” Cucu akasema. “Heri nguo yangu imefika.” Halafu akanitafuta kwa macho. “Wewe wa kelele. Usiifue. Ipige pasi tu.”

Niliipiga mwenyewe, kwa pasi ya makaa. Jumatano akafariki, akazikwa nayo. Wangari alikuja na akina mama wenzake.

Msalimie shemeji, na binti yako mwalimu, na mama mkwe wako ambaye hanipendi. Lakini hii inayofuata usiwasomee.

Dada, nimeuza nguo miaka kumi na minne, sikujua mtu anaweza kutunza nguo hivyo. Wewe pia ni mama wa kanisa. Yako umeiweka wapi? Usiniandikie ati bado mapema. Niambie sanduku gani, upande gani, ili siku hiyo niwe nimekaa mbele yake mtu asiiguse.

Ni mimi ndugu yako mdogo,
Mwakio