Balbu ndani ya kanga

Somoe, umewahi kuona mtu mzima anaficha balbu ndani ya kanga?

Ni mimi, shoga! Leo, hapahapa Mtawanya!

Niliwasikia watu wa umeme kwa jirani Hawa wakiulizia balbu za zamani. Nikajua ni faini. Nikazichomoa zangu zote, ya stoo ikaniunguza vidole.

Walipofika kwangu, binti mmoja kati yao akasema, "Bibi, serikali imetuagiza tupunguze umeme unaopotea. Tupe za zamani, tukupe mpya bure."

Nikajibu, "Sisi tunatumia kibatari." Kibatari, Somoe!

"Basi bibi, bila balbu za zamani hatutoi mpya."

Wakageuka. Kanga ikalegea, balbu ikaanguka, paa!

Jirani Hawa, mlangoni kwake, akapiga kelele, "Kibatari kimepasuka!"

Uso niuweke wapi?

Nikawaita, "Wanangu, rudini. Na mimi nataka taa mpya."