Baba, Nimepimwa Usingizi

Baba yangu mpendwa,

Najua umelala, na safari hii hakuna wa kukupiga kiwiko. Lakini nisikilize kidogo. Wiki jana nililala mara tano kwa siku moja, mchana kweupe, na kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kunitazama nikilala. Nikakukumbuka, nikaona niandike.

Kisa kilianza na kombaini. Nilikuwa bado dereva kule Mau Narok, navuna ngano ya shamba kubwa. Siku moja saa tano asubuhi, jua likiwaka, nilifunga macho kidogo tu. Nilipoyafungua nilikuwa nimeimaliza ngano, nimepita ua wa seng'enge, na niko katikati ya viazi vya jirani. Mwenyewe alikuwa amesimama kando na jembe lake, mpole kabisa. Aliniuliza, "Madam, hii pia ni ngano?"

Meneja hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Mimi sina shida na wewe. Lakini kama ni uvivu, acha funguo hapa kwa meza. Kama ni ugonjwa, niletee barua ya daktari." Basi kazi yangu yote ikabaki inaning'inia kwenye karatasi moja: uvivu au ugonjwa. Nyumbani kwetu swali hilo halikuwahi kuulizwa, Baba, kwa sababu tulikuwa tumeshalijibu zamani.

Wewe ulilala kila mahali. Unakumbuka mkutano wa wazazi nilipokuwa darasa la saba? Mwalimu mkuu alikuwa anataka maoni kuhusu madawati, akakutaja kwa jina. Mama akakupiga kiwiko. Uliamka, ukaona macho yote yako kwako, ukasimama, ukasema, "Tuombe." Wazazi wote wakainamisha vichwa, na mwalimu mkuu akavua miwani. Nani Nakuru hii angekataa maombi? Uliombea madawati, ukaombea waliokuwa hawajaja, ukaketi, na kabla watu hawajafungua macho vizuri ulikuwa umelala tena.

Tangu siku hiyo ukajua umepata dawa. Uliitumia kwenye harusi, kwenye baraza ya chifu, na mara moja kwenye foleni ya benki. Kanisani wakakufanya kiongozi wa maombi. Ni sisi wa nyumbani tu tuliojua ukweli, na tulinyamaza kwa aibu.

Halafu kulikuwa na kicheko chako. Ukicheka sana magoti yalikunjika, ukateleza na ukuta mpaka chini, ukabaki umeketi sakafuni machozi yakikutoka. Sisi watoto tulishindana nani atakuangusha kwanza. Tulidhani unapenda mzaha kuliko baba wengine.

Lakini kuna siku hatukucheka. Kiwanda cha unga kilikurudisha nyumbani kwa sababu walikukuta mara ya pili umelala juu ya magunia. Mimi nilikuwa ndio nimepata nafasi chuoni, na karo ikakosekana. Nilisimama kwenye mlango wa sebule pale Lanet nikakwambia, "Baba, wewe ni mvivu tu. Ungekaa macho mimi ningekuwa chuo." Nilingoja useme tuombe. Ulisema, "Ni kweli, mama," ukachukua jembe ukaenda kupalilia sukuma wiki. Hatukuzungumza tena juu ya siku hiyo, na baadaye tukakuzika. Maneno yale yamenikaa kifuani miaka yote hii.

Sasa nikueleze kipimo nilichofanyiwa hospitalini ili nipate hiyo barua, maana wewe ungekifurahia. Kwanza unaandika kwenye daftari, wiki mbili nzima, saa ulizolala na saa ulizoamka. Kisha unalala huko hospitalini usiku mmoja, wahakikishe kwamba umeshiba usingizi. Asubuhi hakuna chai. Fikiria, Baba, mtu wa kwetu bila chai. Halafu wanakubandika nyaya kichwani, kando ya macho na kidevuni kwa dawa inayonata. Nilipojiona kwenye kioo nilifanana na redio iliyofunguliwa na fundi asiyejua kuirudisha.

Baada ya hapo, kila saa mbili, unaingizwa kwenye chumba chenye giza, unaambiwa ulale, ufumbe macho, ujaribu kupata usingizi. Dakika ishirini zikipita hujalala, unatolewa. Ukilala, wanakuacha kama robo saa, wanakuamsha. Mara tano hivyo. Katikati hapo huruhusiwi kusinzia hata kidogo, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko kuvuna.

Mimi nilidhani mtihani ni mtihani, na wa usingizi unaupita kwa kukaa macho. Kwa hiyo mara ya kwanza nilijifinya paja na kuanza kutaja vitabu vya Biblia kimoyomoyo. Mwanzo, Kutoka, Walawi, na Hesabu sikuifikia. Chebet, msichana wa Kuresoi aliyesimamia nyaya, aliniambia nimelala dakika ya pili. Niliomba nirudie. Akasema, "Madam, hapa hakuna kufeli. Wewe lala tu." Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo, na nusura nilie.

Mara ya tatu ndiyo ilikuwa balaa. Mama alikuwa ameambia kikundi cha akina mama kanisani kwamba nimelazwa, na unawajua: mtu akilazwa lazima aonwe, aombewe na anyweshwe chai. Walikuja wanne na vitambaa vyao vya kichwa, thamosi kubwa na nduma za kuchemsha zilizofungwa kwenye taulo. Nilikuwa nimelala dakika chache tu. Nilisikia mlango, kisha sauti ya mama mmoja ikisema, "Woi, wamemuunganisha na stima."

Chebet aliwasihi. "Mathe, tafadhali, amelala."

"Tunaona amelala," akajibiwa. "Si ndiyo tumekuja kumwombea aamke."

Wakaomba, na kwa kweli niliamka. Wakashukuru sana. Chebet aliandika kitu kwenye fomu yake, na sikuthubutu kuuliza ni nini. Ile thamosi niliitazama ikitolewa nje kama mtu anayesindikiza ndugu. Lakini Mama, aliyekuwa amekuja nao, alibaki, akaweka kiti mlangoni, na kwa vipindi viwili vilivyosalia hakupita mtu. Alimzuia hata mfagiaji na ndoo yake.

Mwisho wa yote daktari alituita sote wawili. Alisema nimelala mara zote tano, upesi kupita kawaida, na karibu kila mara nimeingia moja kwa moja kwenye ndoto. Akaniuliza, "Ukicheka sana, magoti hulegea?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana kwenye harusi mimi hukaa karibu na nguzo. Akauliza tena, "Kuna mwingine kwenu yuko hivi?"

Mama ndiye aliyejibu. "Mzee wangu. Alikuwa anaanguka akicheka."

Daktari akamgeukia. "Mama, mtu siwezi kumpima akiwa hayupo. Lakini ya huyu si uvivu. Ni ugonjwa, uko na jina na uko na dawa. Na mara nyingine unaonekana kwa familia moja."

Mama alifungua mkoba wake, akaufunga. Akasema, "Nilimpiga kiwiko miaka thelathini." Tulilia pale ofisini, Baba, mimi na nyaya zangu bado kichwani, na daktari akajifanya anatafuta kalamu.

Barua niliipata. Meneja aliisoma mara mbili, akaipiga muhuri wa shamba bila sababu yoyote, akanihamishia karakana. Sasa napaka grisi mashine za wengine mpaka dawa inishike sawasawa na daktari akubali nirudi kwenye usukani. Sijafurahi, lakini funguo hazikuchukuliwa kwa jina baya.

Kabla sijatoka kwa daktari nilimwomba barua ya pili, yenye jina lako. Alikataa kwa upole. Kwa hiyo nimeiandika mwenyewe, na nitaisoma kanisani Jumapili, Mama amekubali.

Kwa yeyote anayehusika: Mzee aliyetajwa humu hakuwa mvivu. Alikuwa mgonjwa, hakujua, na alikwenda kazini hivyo hivyo kila siku kwa ajili yetu. Aliyemwita mvivu ni mimi, na nimekosea.

Lala, Baba. Lala tu.

Kitindamimba wako