Alama Iliyo Ndani ya Wimbo

Kaka yangu,

Hapa tu wazima. Shemeji yako amepaka rangi sebule, na kwa bidii yake amepaka mpaka swichi ya taa. Ahsante sana kwa kumsafishia jina. Wimbo ulipovuja kabla hatujautoa, bendi nzima ilimnyooshea yeye kidole. Kumbe ulikuwa umeficha alama tofauti ndani ya kila nakala uliyotugawia, alama isiyosikika sikioni ila kompyuta yako inaisoma, na ndiyo iliyokuonyesha nakala iliyovuja ilikuwa ya nani.

Uliposema ni ya mama, nilicheka. Mama, ambaye hata kupokea simu alikuwa anabahatisha!

Basi jana nimekwenda wodini alikolazwa mama kuwashukuru manesi. Mmoja akaniambia mama alikuwa akimkabidhi simu kila asubuhi: "Mrushie wimbo na yule mgonjwa wa dirishani. Anayeimba ni mwanangu, na aliyerekodi ni mwanangu." Kila aliyeruhusiwa kwenda nyumbani aliondoka nao.

Unauliza kama uanze kuzifuta nakala huko mtandaoni, maana zote zina alama ya mama. Ziache, kaka. Najua tumekula hasara. Ila tangu tumzike mama nyumba hii imekuwa kimya mno, na leo kinyozi wa ng'ambo ya barabara kaupiga wimbo kwa sauti ya juu. Nimefungua madirisha yote, nakala ya mama ikaingia ndani.

Mdogo wako anayekushukuru